Aliyeoshwa kwa Niaba Yangu

Watu wakiniuliza nilisomea nini, najibu fizikia, na wengi huishia hapo. Wachache huendelea, wakataka kujua fizikia ya nini, maana wamesikia kuwa msomi wa ngazi za juu lazima achague jambo moja afe nalo. Hao ndio wanaonikera. Nikiwaambia nilisomea radi, hucheka. Nikiongeza kwamba natoka Bariadi, hucheka zaidi, maana Wasukuma tunadhaniwa kuwa watuma radi. "Msukuma na radi! Sasa chuo kikuu ulikwenda kufanya nini? Si ungemuuliza bibi yako?"

Nimechoka na mzaha huo. Nitaeleza mara moja jinsi nilivyoisomea radi na jinsi nilivyoiacha. Atakayetaka kucheka baada ya hapo, acheke.

Kwetu ni juu ya mgongo wa kilima, mashariki ya Bariadi mjini, enzi zile tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga na Simiyu ikiwa jina la mto tu. Kaya yetu ilizungushiwa minyaa, zizi likiwa katikati, na mbele yetu kulikuwa na mbuga wazi isiyo na cha kuzuia macho. Mvua zetu hutokea upande wa ziwa, upande wa Lamadi. Mchana wote unaliona wingu likijikusanya, na alasiri linakufikia mlangoni na radi zake. Baba yangu mdogo aliuawa na radi akichunga, amejikinga chini ya mti pamoja na ng'ombe. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka kitu kimoja vizuri sana: hakuna aliyelia. Kwetu aliyepigwa na radi haliliwi, kwa sababu kilio kinaiita radi irudi. Shangazi zangu walikaa wamejiziba midomo kwa kaniki mpaka mganga wa radi alipokuja kuosha watu, ng'ombe waliobaki, na kila kilichoguswa. Alipomaliza ndipo ruhusa ya kulia ikatolewa, na wakati huo wengi walikuwa wameshachoka.

Miaka ikapita. Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa fizikia alichukua kitana cha plastiki, akakisugua kwenye nywele zake, akanyanyulia vipande vya karatasi. Darasa likashangilia. Akasema, "Radi ni hii hii, ila kubwa." Wenzangu waliandika. Mimi nilishikwa na hasira. Kama ni kitu chepesi hivyo, cha kitana na nywele, mbona hapakuwa na mtu wa kumwambia baba mdogo aondoke chini ya mti? Nilimuuliza mwalimu kama radi hutoa taarifa kabla haijapiga. Akasema swali hilo halimo katika mtihani.

Swali hilo ndilo lililonisomesha. Nilimaliza kidato cha sita nalo, nikaenda nalo Jeshi la Kujenga Taifa, nikalima nalo mashamba ya jeshi, nikafika nalo chuoni pwani. Nilipomaliza shahada ya kwanza, na kuimaliza vizuri, niliambiwa ipo nafasi ya kuendelea na shahada ya uzamili. Siku hizo nafasi kama hiyo haikuwa ya kuchezea. Kijiji kizima kwetu kilikuwa na mtu mmoja aliyefika chuo, naye ndiye mimi, na barua ilipofika baba aliuliza tu, "Utaendelea kusoma mpaka uote mvi?"

Msimamizi wangu alikuwa Mzungu mrefu wa makamo, aliyekuja kwa mkataba. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wenzangu walikuwa wamechagua majiko, matofali na ukaushaji wa samaki, kwa kuwa ulikuwa wakati wa kujitegemea na utafiti wowote ulitakiwa ujenge taifa. Sina ugomvi na majiko. Nami niliimba nyimbo za Ujamaa kama wengine, tena kwa sauti ya kwanza. Lakini nilisema nataka radi. Mbele ya kamati ya idara mjumbe mmoja akaniuliza, "Radi inahusiana vipi na kilimo?" Nikamjibu, "Inaua wakulima." Walicheka wakanipitisha.

Nieleze nilichokuwa nakitafuta, kwani si kigumu. Kabla radi haijashuka, wingu lenye umeme huuvuta umeme wa ardhini. Hewa iliyo karibu na vitu virefu hubadilika kabla macho hayajaona kitu. Mtu hawezi kuhisi badiliko hilo, ila sindano nyepesi ya chombo inaweza. Swali langu lilikuwa: sindano huanza kusogea mapema kiasi gani? Ikiwa ni kufumba na kufumbua, haina faida kwa mtu. Ikiwa ni muda wa kutosha mchungaji kuswaga ng'ombe wake kutoka chini ya mti, basi kitu fulani cha bei rahisi kingeweza kutengenezwa, kengele tu, ikawekwa kila kilima. Niliamini hivyo. Bado naamini.

Chombo tulikitengeneza wenyewe katika karakana ya chuo. Nguzo ndefu ya bomba la chuma yenye waya wa shaba. Pembeni, mbali kidogo na nguzo, kisanduku cha mbao chenye sindano na silinda inayozungushwa na mashine ya saa ya mezani. Silinda huvikwa karatasi iliyopakwa masizi ya taa ya mafuta, na sindano inapopita juu ya masizi huacha mstari mweupe. Ukishapata mstari wako, unaipaka karatasi vanishi ili masizi yashike. Kabla ya vanishi, hata ukiipulizia tu unaweza kuiharibu. Msimamizi alinisisitizia jambo hilo kila mara: bila vanishi huna kitu.

Niliisimamisha nguzo nyumbani kwetu, nje kidogo ya minyaa, mvua za kwanza zilipoanza. Msimamizi alitaka jambo moja: mstari wa radi iliyopiga karibu kabisa, wenye kabla, wakati na baada. Mstari mmoja kamili ungetosha kuandikia tasnifu, na tasnifu hiyo ingenifungulia mlango wa shahada ya uzamivu ng'ambo, ambako alikuwa ameshanizungumzia. Nilikaa nikiisubiri radi kama watu wengine wanavyosubiri posho. Majirani waliniona nimerukwa na akili. Jirani mmoja alimwambia baba, nikiwa nasikia, "Watu wanafukuza nyoka, mwanao anamwekea kitanda."

Mama alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono migumu ya jembe na pamba, na alikuwa na tabia ya kuvitendea vitu vyangu vya shule kama wageni. Kisanduku alikifunika kwa ngozi ya mbuzi mvua isikiingie. Kila asubuhi nilipomwamkia, "Mwangaluka, mayu," kama tunavyowaamkia mama zetu, aliitikia kisha akaniuliza, "Na huyo wa kwenye sanduku kaamkaje?"

Radi zikapiga huku na huku, mbali. Vanishi ikaniishia. Nikapata habari kwamba mzigo wangu kutoka chuoni, wenye vanishi na karatasi, umefika kwa treni stesheni ya Malampaka na unanisubiri. Niliwasha taa, nikapaka karatasi mpya masizi, nikaivika kwenye silinda, nikamwonyesha mama namna ya kuitia saa ufunguo. Nikapanda lori la pamba.

Malampaka nilikwama. Karani wa mizigo alikuwa kwenye mkutano wa Tawi la chama, kisha akawa kwenye msiba, kisha akataka kitambulisho ambacho nilikuwa nimekiacha nyumbani. Nililala stesheni juu ya magunia. Nilipoupata mzigo sikuwa na lori, nikaenda kipande kwa miguu na kipande kwa baiskeli ya watu. Nikafika nyumbani mchana, jua kali, na kitu cha kwanza nilichokiona ni nguzo yangu imepinda kichwa na ndama amelala chini, amevimba, bila mtu wa kumgusa.

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi. Radi ilikuwa imepiga nguzo yenyewe. Nilikimbia kwenye kisanduku.

Kilikuwa wazi na ni kikavu. Silinda ilikuwa ndani, imewekwa vizuri mahali pake, inang'aa. Karatasi yake ilikuwa nyeupe pee.

Mama akatoka nyumbani akijipangusa mikono, uso umejaa furaha. "Umerudi, ng'wanawane," mwanangu. "Usiogope. Tumeshakuosha."

Ilikuwa hivi. Radi ilipopiga, mama alikuwa mlangoni. Ilimwangusha, akainuka mzima. Baba akafanya kila kinachotakiwa. Akazuia watu kulia juu ya ndama, akazuia watu kutoka na kuingia, akampeleka mtu kumwita mganga wa radi. Mganga huyo namjua vizuri. Si mzee wa hekima anayesimuliwa vitabuni. Ni mtu wa umri wa baba, mpenda kofia, anayetembelea baiskeli yenye kengele mbili, na aliyekuwa na maoni kuhusu kila kitu, hadi bei ya pamba. Alifika, akatia dawa kwenye beseni, akaanza kuosha. Aliosha watu. Aliosha vizingiti, majembe na mitungi. Akaja kwenye kisanduku, akakifungua, akaona silinda nyeusi yenye mstari. Akasema huo weusi ndio uchafu wa radi wenyewe, haijapata kuonekana radi kuacha uchafu mwingi namna hiyo mahali pamoja, na kwamba ukibaki hapo radi itaufuata. Akampa mama kitambaa.

Mama akaosha. Aliosha taratibu, kwa adabu, kwa sababu ni kitu cha mwanawe. Akakikausha juani, akakirudisha.

Hayo baba alinieleza jioni, lakini habari za mstari mama aliniambia hapo hapo mlangoni, bila mimi kumuuliza, kwa kuwa zilimpendeza. Alisema palikuwa na kimstari cheupe. Akachora hewani kwa kidole. Kimstari kilikuwa chini, kimelala. Kisha kikaanza kupanda pole pole, kikapanda, kikapanda, halafu ghafla kikaruka juu hadi mwisho wa karatasi.

Nikamwomba anionyeshe kwenye silinda kilipoanzia kupanda. Akaweka ukucha. Nikamwomba anionyeshe kiliporukia. Akaweka ukucha mwingine. Nilikuwa naijua saa ile kuliko ninavyoujua mkono wangu. Umbali kati ya kucha mbili za mama ulikuwa ni muda wa kuswaga kundi zima kutoka chini ya mti mpaka bondeni, na ukabaki muda wa kufunga kamba ya viatu.

Hilo ndilo jibu la swali langu. Nililipata. Nililipata kutoka kwenye ukucha wa mama, na aliyeliona ni yeye peke yake duniani, na ndiye aliyelifuta. Ukiniuliza nilimwonaje saa ile, nitakwambia: nilimchukia. Nilimchukia yeye na baba na mganga na karani wa mizigo na kila ng'ombe wa Bariadi. Nikashika chupa ya vanishi niliyoifuata Malampaka, nikaitupia minyaa. Mama akaitafuta, akaileta. Haikuwa imevunjika.

Msimamizi wangu alijibu barua yangu kwa ufupi wake. Alisikitika. Kamati haiwezi kupokea ukucha. Ila mkataba wake ulikuwa umebaki msimu mmoja wa mvua, na kamati imekubali kunishikia nafasi mpaka msimu huo uishe. Nirudie. Mara hii nisiondoke karibu na kisanduku.

Nikarudi kijijini kiangazi kinamalizika, nikiwa na bomba jipya na vanishi ya kutosha kupaka nyumba. Ulikuwa mwaka mbaya. Pamba ilikuwa imekauka, watu walikuwa wanakula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na maneno ya Operesheni yalikuwa yameanza, kwamba kaya zote zitahamishiwa kwenye vijiji vilivyopimwa. Sikujali. Nilikuwa na msimu mmoja, na mawingu ya kwanza yalikuwa yanakusanyika upande wa ziwa.

Nilipochukua sururu kuchimba shimo la nguzo, baba aliniita, akanikalisha kwenye kigoda. Akasema kuna jambo hawakuniambia mwaka uliopita kwa sababu niliondoka na hasira. Siku ile ya kuoshwa, mimi sikuwepo. Na mwenye nguzo ni mimi. Radi ilikuja kwa wito wangu. Kuosha kila mtu na kumwacha mwenyewe ni kazi bure. Kwa hiyo mama alisimama mahali pangu. Alivaa shati langu, akaoshwa kwa jina langu. Na mtu akioshwa kwa niaba ya mwenzake, mwiko unamshika yeye aliyeoshwa. Mwenzake akiita radi tena, inakuja kwa aliyesimama.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo hiyo nguzo ukiisimamisha, mama yako anakufa," akasema baba. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Niliongea sana siku hiyo. Nilimweleza baba habari za chaji na mawingu, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Nilimwambia radi haijui jina wala shati la mtu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kwani baba alikuwa msikilizaji mzuri, kisha akasema, "Inawezekana. Lakini mama yako hajui kwamba radi haijui."

Nikaenda kwa mama mwenyewe. Alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Nikamwambia nimesikia, na kwamba mambo hayo si kweli. Nikamweleza pia kwamba nisiposimamisha nguzo msimu huu, chuo kitaifuta nafasi yangu, na kila nilichosomea tangu utoto kitakuwa kimekwisha. Nilitaka aelewe ukubwa wake. Alielewa. Hilo ndilo lililoniumiza baadaye, kwamba alielewa upesi kuliko kamati.

"Basi simamisha," akasema. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Wewe ndiyo kwanza unaanza."

Nikafurahi mara ya pili, na mara ya pili nilifurahi bure. Kesho yake asubuhi nilianza kuchimba. Ardhi ilikuwa kavu, sururu inatoa cheche. Nikiwa shimoni naona mtu anaingia kwetu na kutoka, anaingia na kutoka. Kwanza jirani mmoja akatoka na mtungi wa mama wa maji, ule mkubwa. Halafu mwingine akatoka na mchi. Halafu mama mdogo, ndugu yake mama, akafika kutoka Sola, kule Maswa; kumbe alikuwa ametumiwa ujumbe jana yake jioni. Wakakaa kivulini. Nikamsikia mama akimwelekeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ng'ombe yupi akikamuliwa anapiga teke, na kwamba baba hapendi ugali wa udaga, ule wa muhogo, ukiwa laini. Alikuwa anagawa nyumba yake. Hakulia na hakulalamika. Alipoona nimesimama kumtazama, akanipungia mkono niendelee na kazi.

Nikachimba kidogo zaidi. Nikasimama tena. Mama mdogo alikuwa anazikunja nguo za mama na kuzipanga kwenye kapu.

Najua utaniambia radi isingempiga. Sihitaji kuambiwa, mimi ndiye mwenye shahada. Nilijua pia kwamba msimu mzima, kila wingu litakapotokea upande wa ziwa, yule mwanamke angekaa kwenye nyumba iliyo tupu, bila mtungi, bila mchi, akisubiri kuuawa na mwanawe, na angesubiri kwa hiari yake. Nilitafuta njia ya kulipita hilo na sikuipata. Hapana fomula yake. Nilitupa sururu, nikalala kifudifudi kwenye udongo niliouchimba, nikapiga kelele. Wao kivulini walidhani nimeumwa na nge.

Kisha nikafukia shimo. Nguzo niliisukuma chini ya ghala. Nilikwenda kwa majirani kudai mtungi na mchi, nikavirudisha mwenyewe, na mama akanitazama bila furaha yoyote. Akasema, "Umeniaibisha. Nilikuwa nimeshakubali."

Chuoni niliandika kwamba kwa sababu za kifamilia sitaweza kuisimamisha nguzo. Msimamizi hakujibu, nadhani alikuwa anafunga mizigo yake. Aliyejibu ni mkuu mpya wa idara. Alinishukuru, akanijulisha kwamba nafasi yangu imepewa mtafiti mwingine, wa matofali, na kwamba wizara inanipangia kufundisha sekondari.

Kabla sijaenda kuripoti, Operesheni ikatufikia. Walikuja na trekta yenye tela, mgambo, na katibu aliyekuwa amevaa kaptula iliyopigwa pasi. Walisema kila kaya iteremke bondeni, kwenye kijiji kipya, viwanja vimepangwa kwa mstari. Mimi niliyeimba nyimbo hizo kwa sauti ya kwanza nilibeba vitanda. Katibu aliiona nguzo chini ya ghala, akaipenda, akaitaka iwe mlingoti wa bendera ya ofisi ya kijiji. Baba akamwambia nguzo hiyo ina mwiko. Katibu akasema serikali haina mwiko. Lakini akarudi nyuma hatua moja, na nguzo ikapanda tela pamoja na kuku. Huko juu kilimani pakabaki mahame, minyaa tu imezunguka kaya ambayo haipo. Mganga wa radi naye alihamishwa. Kiwanja chake kilikuwa mstari mmoja na wetu, na alilalamika zaidi yetu sote, maana bondeni, alisema, radi hazifiki na kazi yake itakufa.

Kijiji kipya hakikuwa na kisima bado. Watu walichota maji kwenye lambo, hapo hapo ng'ombe wa kaya zote walipokunywa. Kuhara kukaanza na watoto, kukaenda kwa wazee. Mama aliugua masika, mvua zikinyesha vizuri mwaka huo, mvua nzuri zenye radi tele huko juu ya kilima ambako hakukuwa na mtu wala nguzo. Nilikuja kutoka shuleni nilikopangiwa. Nilimkuta amelala kwenye kibanda cha nyasi mbichi, amekauka, macho makubwa. Alinitambua. Nilimwomba anionyeshe tena vile kimstari kilivyopanda. Sijui kwa nini nilimwomba hivyo. Aliinua kidole juu kidogo, akakirudisha kwenye blanketi.

Akafa keshoye asubuhi. Yeye alililiwa, kwa kuwa hakufa kwa radi. Walilia kutwa nzima, mganga naye akalia na kofia yake mkononi.

Tulipotoka kuzika, watu wakakaa nje. Baba akaniita nyuma ya kibanda. Nguzo ilikuwa pale, imeegemezwa ukutani, imeshaanza kushika kutu. Baba akaishika kwa mikono miwili kama anayepima uzito wake. Alikuwa amenyooka, hajavunjika.

"Sasa hakuna wa kumuua," akasema. "Isimamishe. Rudi kilimani, mimi nitawaambia mgambo nimekutuma. Ukasome hiyo radi yako."

Nikamwambia haiwezekani tena.

"Kwa nini haiwezekani? Mwenye mwiko ameondoka."

"Nafasi imeshapewa mtu mwingine, baba. Tangu mwaka jana. Hata nikiipata radi leo, hakuna wa kumpelekea."

Hakuelewa mara moja. Ilibidi nirudie, nimwambie kwamba chuo hakisubiri, kwamba ile barua niliyoandika siku zile ilimaliza kila kitu. Akabaki ameshika nguzo. Watu huko mbele walikuwa wanaitana kwenda kunawa mikono.

"Ina maana uliiacha kwa ajili yake," akasema.

"Ndiyo."

"Na yeye amekufa."

"Ndiyo, baba."

Akaiegemeza nguzo ukutani, taratibu, isitoe sauti. "Kwa hiyo vyote viwili umevikosa," akasema, na akaenda kunawa.